Ukifaili bankrapsi Marekani, deni la IRS linaondoka au linabaki?

Kila ikifika mwezi wa pili wa tatu hivi, magrupu yetu ya WhatsApp huku Marekani yanawaka moto kwa swali lile lile. Mtu anarusha voisi ya dakika nne, anadaiwa na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), anadaiwa kadi tatu za mkopo, gari limeshavutwa usiku, kaambiwa afaili bankrapsi, sasa anauliza je na kodi nayo itaondoka? Hapo ndo utawasikia. Mmoja anasema usipoteze hela ya lawya ndugu yangu, serikali haisamehe kodi. Mwingine anasema mwongo huyo, shemeji yangu wa Houston kafutiwa elfu thelathini. Wa tatu anakuja na lake, hata wakikufutia, mwakani utaletewa karatasi ulipe kodi ya hayo madeni yaliyofutwa, kwa hiyo umezunguka tu. Kinachochekesha ni kwamba wote watatu wana kaukweli fulani, ndo maana ugomvi hauishi.

Mimi si lawya, najazia watu ritani tu, ila swali hili nimelijibu mara nyingi mno kwenye parking ya kanisa na nje ya msikiti mpaka nimeona bora niliandike mara moja.

Tuanze na maneno. Bankrapsi ni kufilisika kisheria, yaani unaenda mahakama ya shirikisho unasema nimeshindwa, naomba sheria iingilie kati yangu na wanaonidai. Kwa mtu binafsi milango inayotumika sana ni miwili. Chapta 7 unaweka mali zote mezani, zile ambazo sheria ya jimbo lako inakulindia (nguo, vyombo, kiasi fulani cha thamani ya gari au nyumba) unabaki nazo, zilizozidi zinauzwa na hela wanagawiwa wanaokudai, halafu baada ya miezi minne hivi madeni mengi yanafutwa. Chapta 13 mali unabaki nazo ila unalipa kila mwezi kwa miaka 3 hadi 5 kwa mpango alioupitisha jaji. Anayesimamia huo mzigo wanamwita trastii, mimi nitamwita mfilisi. Ritani ni ile fomu ya kodi unayojaza kila mwaka. Na kuna siku moja uishike kichwani mpaka mwisho wa makala, siku ya kufaili, siku kesi yako inapopokelewa mahakamani, maana karibu kila swali la kodi linajibiwa kwa kuangalia kitu kilitokea kabla au baada ya siku hiyo.

Kwa Chapta 7 namna rahisi ya kuelewa ni mirathi. Mtu akifa, mali zake haziwi za watoto saa ile ile, zinakaa chini ya msimamizi, madeni yanalipwa kwanza, kinachobaki ndo kinagawanywa. Sasa chukulia wewe hujafa, ila mali zako za mpaka jana zimefanywa kama mirathi. Vyote ulivyokuwa navyo siku ya kufaili vimehamia kwenye fungu lile na msimamizi wake ni mfilisi, wewe mwenyewe unatoka mlangoni ukiwa mtu mpya, mshahara wa kazi unayofanya kuanzia kesho yake ni wako na kodi yake ni yako. Na hilo fungu mbele ya IRS linahesabika kama mlipa kodi anayejitegemea, lina namba yake na fomu yake, 1041. Mfilisi akiuza kitu kikaleta faida, kodi ya faida ile inalipwa na fungu, si wewe. Kesi nyingi za Chapta 7 hazina cha kuuza kwa hiyo hiyo fomu hata haijazwi, lakini sisi wa huku tuna jambo letu, kile kiwanja cha Kigamboni. Sheria inasema mali popote ilipo duniani, na hata kama imeshikwa na mtu mwingine, imo. Kiwanja cha Kigamboni kimo, nyumba ya Kisumu imo, usimdanganye lawya wako kwamba ni ya mama kama hela ilitoka kwako na karatasi zina jina lako, kuficha mali kwenye bankrapsi ni jinai na kifungo kinaweza kufika miaka 5.

Haya, sasa lenyewe, deni la kodi ya mapato. Mimi huwa nasema deni la kodi ni kama embe. Likiwa bichi halifutiki hata ulie machozi ya damu, likiiva linafutika sawasawa na deni la kadi. Na kuiva kunapimwa kwa vipimo vitatu ambavyo lazima vyote vitimie siku unayofaili, viwili havitoshi.

Cha kwanza ni miaka 3 tangu siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya mwaka ule. Sio tangu mwaka wenyewe uishe, watu wanakosea sana hapo. Kodi ya mwaka 2021 kwa majimbo mengi siku yake ya mwisho ilikuwa 18 Aprili 2022, kwa hiyo kipimo hiki kilitimia 18 Aprili 2025. Lakini kama uliomba ekstensheni, yaani muda zaidi wa kupeleka ritani, siku yako ya mwisho ilisogea mpaka 17 Oktoba 2022, kwa hiyo na miaka mitatu yako nayo ilisogea mpaka 17 Oktoba 2025. Mtu kafaili bankrapsi mwezi wa sita 2025 akiamini kodi ya 2021 imeiva, kumbe aliwahi kubonyeza kitufe cha ekstensheni kwenye programu wala hakumbuki, basi embe bado bichi, limebaki lote. Ndo maana lawya anayejua kazi anaweza kukwambia rudi nyumbani subiri wiki sita, mtu anaondoka ananung'unika kwamba anacheleweshwa wakati mwenzie anamwokolea maelfu ya dola.

Cha pili ni miaka 2 tangu siku ulipopeleka ritani kwa mkono wako. Aliyepeleka kwa wakati hiki hakimsumbui. Kinamkamata aliyekaa na ritani ya 2021 kwenye droo mpaka Februari 2024 ndo akaipeleka, huyo miaka yake miwili inahesabiwa kuanzia hapo. Cha tatu ni siku 240 tangu IRS waandike deni rasmi kwenye vitabu vyao. Kwa kawaida wanaandika muda mfupi baada ya kupokea ritani, kwa hiyo mtu hata haoni, ila wakikukagua baadaye wakaongeza kodi, ile nyongeza inaanza siku zake 240 upya. Na ukiwa ulishawahi kufaili bankrapsi nyingine hapo katikati, au uliomba IRS wakupunguzie deni mkawa mnajadiliana, baadhi ya saa hizi zinasimama kwa muda wote huo halafu zinaongezewa siku juu.

Sasa hapa kwenye kuchelewa kupeleka ritani ndo pana shimo ambalo watu wetu wengi wanatumbukia, ngoja nikae hapa kidogo. Mwaka 2005 Bunge la Marekani lilibadilisha sheria ya bankrapsi likaongeza maneno machache kuhusu nini kinaitwa ritani, na mahakama za rufaa zikaanza kuyasoma tofauti. Mahakama ya rufaa inayoshika Texas na Louisiana ilisema mwaka 2012 kwamba ritani iliyochelewa hata siku moja si ritani kabisa kwa mambo ya bankrapsi, kwa hiyo kodi ya mwaka ule haiivi milele, hata upite muongo. Inayoshika Colorado, Kansas, Oklahoma na Utah ikafuata mwaka 2014, na inayoshika Maine na Massachusetts mwaka 2015. Ukiangalia ramani utashtuka, maana Houston na Dallas zimejaa Waswahili, Portland na Lewiston kule Maine zina wahamiaji wengi wa Afrika, na huko kote siku moja tu ya kuchelewa inaweza kukugharimu maisha mazima. Majimbo mengine wanaangalia zaidi kama ulijaza kwa nia njema ya kutii sheria. Kwa hiyo yule shemeji wa Houston ambaye kafutiwa elfu thelathini, sina haja ya kumuuliza, ritani zake alizipeleka ndani ya muda. Alikosa hela ya kulipa, ritani alipeleka.

Na hili ndo ningependa lirekodiwe kwenye kila grupu. Watu wetu wanaogopa kupeleka ritani kwa sababu hawana hela ya kulipia, hasa madereva wa Uber na wenye malori wanaolipwa kwa 1099 (fomu ya malipo ya waliojiajiri) ambao hakuna anayewakata kodi, mwaka ukiisha wanakuta mbali na kodi ya kawaida kuna ile asilimia 15.3 ya waliojiajiri inawasubiri, wanashika kichwa, wanafunga laptop. Kutokulipa na kutokupeleka ni makosa mawili tofauti na la pili ndo baya zaidi. Ukipeleka bila hela, saa inaanza kutembea. Usipopeleka haianzi. Na ukikaa kimya sana IRS wanaweza kukujazia wao wenyewe kwa taarifa walizonazo, bila gharama zako za mafuta wala matairi, deni linakuwa kubwa kuliko haki, na ritani waliyokujazia wao haihesabiki kama umepeleka.

Kuna kodi nyingine haziivi hata zikae miaka ishirini. Ya kwanza ni ya mtu aliyedanganya kwa makusudi au aliyefanya ujanja wa kukwepa, ameficha mapato, amehamisha mali kwa majina ya watu. Ya pili inawahusu wenye kampuni za kuhudumia wazee na zile grupu homu (nyumba za kutunzia wenye mahitaji maalumu), biashara ambayo Waafrika Mashariki tunaipenda sana. Ukimkata mfanyakazi kodi kwenye mshahara wake, ile hela si yako hata dakika moja, wewe ni kama mweka hazina wa kamati ya harusi, umeshikilia michango ya watu. Ukila michango halafu ukasema umefilisika, kamati haitakuelewa, na IRS hawatakuelewa vilevile, wanakufuata wewe binafsi hata kama kampuni ilishakufa na kuzikwa.

Na wale wenye akili nyingi wanaosema lipa kodi kwa kadi ya benki kwanza halafu faili Chapta 7 ufute kadi, wenzenu walishaliwaza hilo. Mkopo uliochukua kulipia kodi isiyofutika nao haufutiki kwenye Chapta 7. Umebadilisha tu jina la anayekudai, na riba ya kadi unaijua.

Siku ile ile ukifaili, mahakama inatoa zuio, wanaokudai wote wasimame, IRS wakiwemo. Kama walikuwa wanakata mshahara wanaacha, kama walitaka kukomba akaunti wanasubiri. Ila watu wanadhani zuio maana yake IRS wamekufa. Hapana, kukagua bado wanaruhusiwa, kukudai ritani ambazo hujapeleka wanaruhusiwa, kuandika deni wanaruhusiwa. Na ile miaka 10 waliyonayo ya kukusanya deni inasimama muda wote kesi ikiwa mahakamani na miezi 6 baada yake.

Halafu kuna suala la kamba. Kabla hujafaili, IRS wanaweza kuwa walisajili notisi kwamba mali zako zimeshikwa kwa deni lao. Ukifilisika na deni lenyewe lilikuwa limeiva, wewe unaachiwa, hawawezi kugusa mshahara wako tena, lakini kamba inabaki shingoni mwa mbuzi, yaani nyumba au mali uliyokuwa nayo siku ile bado imefungwa, siku ukiuza wanachukua chao kwanza. Nimemwona mtu kasherehekea kufutiwa, miaka imepita anauza nyumba, mezani anakuta IRS wanamsubiri na haki wanayo.

Kwa wenye kodi mbichi, Chapta 13 mara nyingi ndo inawafaa. Kodi mbichi lazima ilipwe yote ndani ya mpango, lakini unailipa taratibu kwa hadi miezi 60 na kwa kawaida bila riba mpya juu yake, tofauti na kukubaliana na IRS wenyewe ambako riba inaendelea kukimbia. Iliyoiva inawekwa kapu moja na kadi za benki, inapata senti chache kwa kila dola kulingana na uwezo wako, iliyobaki inafutwa mwishoni. Masharti mawili, lazima uwe umepeleka ritani za miaka 4 ya mwisho, na kodi za miaka ya mbele ukiwa ndani ya mpango uzilipe kwa wakati, ukianza kulimbikiza tena kesi inaweza kutupwa. Na huku hakuna lile fungu linalolipa kodi kivyake, kila kitu kinabaki kwenye 1040 yako, ritani yako ya kawaida, kama zamani.

Rifandi je? Hapa ndo machozi ya Februari. Rifandi ni hela uliyokatwa zaidi mwaka jana, kwa hiyo kisheria ulishakuwa nayo hata kama haijaingia benki. Ukifaili Chapta 7 tarehe 10 Februari 2026 huku unasubiri rifandi ya 2025 ya dola 6,400, yote inaingia kwenye fungu labda sheria ya jimbo lako ikulindie sehemu, na majimbo kadhaa yanalinda ile inayotokana na nafuu ya wenye kipato kidogo. Ukifaili mwezi wa saba, rifandi ya mwaka huo inagawanywa kwa siku, karibu nusu ya fungu na nusu yako. Wengi wanasubiri rifandi iingie, wanailipia vitu vya kawaida, kodi ya nyumba, chakula, breki za gari, lawya mwenyewe, wanatunza risiti, ndo wanafaili. Hiyo inakubalika. Isiyokubalika ni kumrudishia kaka yako dola elfu tatu ulizomkopa, maana malipo kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufaili mfilisi anaweza kuyafuata kwa huyo huyo kaka, aibu juu ya aibu. Na hela nyingi uliyotuma nyumbani kama zawadi ndani ya miaka 2 jiandae kuulizwa.

Turudi kwa yule wa tatu kwenye grupu, wa kodi ya madeni yaliyofutwa. Msingi wake upo. Marekani ukisamehewa deni, IRS wanahesabu kama umepata kipato, benki inakuandikia 1099-C, fomu ya deni lililosamehewa. Ukikubaliana na benki nje ya mahakama ulipe elfu saba kwenye deni la elfu 18, zile elfu 11 zinaweza kuwekwa kwenye mapato yako, isipokuwa uonyeshe kwamba wakati huo madeni yako yalizidi mali zako. Lakini deni lililofutwa na mahakama ya bankrapsi limetolewa kabisa kwenye mapato, sheria imesema wazi. Shida ni kwamba 1099-C inaweza kuja hata hivyo, mtu anaogopa, analipa, au anaitupa kapuni kimya na IRS wanamwandikia barua. Kinachotakiwa ni kuambatanisha fomu 982 kwenye ritani yako na kuweka alama kisanduku 1a, basi. Kama una hasara za biashara ulizokuwa unabeba kwenda miaka ya mbele zitapunguzwa kufidia, mwajiriwa wa kawaida hilo hata halimgusi.

Bado moja ambayo hata wajaza ritani wenzangu wanaisahau. Mwenye lori kafaili Chapta 7 tarehe 20 Agosti 2025. Kodi ya mapato yake ya Januari mpaka Agosti ni ya kabla au ya baada? Kwa kawaida mwaka wa kodi haukatwi, kwa hiyo kodi yote ya 2025 inakuwa mzigo wake mwenyewe baada ya kufilisika, hata ya miezi aliyofanya kazi kabla. Ila kama kesi ina mali ya kugawa, anaruhusiwa kuchagua kukata mwaka vipande viwili, cha kwanza kiishie 19 Agosti, na kodi ya kipande hicho inageuka kuwa deni la kabla ambalo mfilisi analilipa kutoka kwenye fungu, tena mbele ya kadi za benki. Fungu lisipotosha, salio linabaki lake maana ni kodi bichi. Uchaguzi huo una tarehe, kwa mfano wetu ni 15 Desemba 2025, ikipita imepita. Kama kesi haina mali ya kuuza, hili halikuhusu.

Kwa hiyo kabla hujamlipa lawya hata senti, ingia kwenye akaunti yako ya IRS mtandaoni, ni bure, chapisha transkripti ya kila mwaka unaodaiwa. Ni karatasi yenye namba namba upande wa kushoto. Tafuta mstari wa 150, hapo ndo ritani yako iliandikwa na kodi ikahesabiwa, tarehe ipo pembeni, na kama mstari huo unasema ritani imeandaliwa na IRS ujue ile si yako. Ukiona 290 au 300 mara nyingi maana yake kodi iliongezwa baadaye, 300 ni baada ya ukaguzi. Ukiona 460 ulikuwa na ekstensheni. Ukiona 582, mbuzi ana kamba. Pigia mistari kalamu nyekundu, andika siku ya mwisho ya kila ritani pembeni, ndo uende nayo kwa lawya umuwekee mezani kabla hajakuuliza unadaiwa kadi ngapi.